Kupiga mbizi: Jifunze pia kurudi nyuma

KILA mwaka kusi inapotulia na maji ya bahari kuanza kuwa maangavu, wakazi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret huteremka Pwani kwa likizo. Wengi hutosheka kukaa ufuoni na kulowesha miguu. Lakini wapo pia wanaovaa mtungi wa hewa mgongoni na kuzama kutazama matumbawe huko Diani, Watamu na Shimoni. Mchezo huu uliodhaniwa kuwa wa watalii wa Ulaya pekee sasa una wapenzi wake miongoni mwetu, nami kama daktari sina ugomvi nao. Ni zoezi zuri la mwili na pumziko kubwa la akili.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo aghalabu huachwa katika kozi ya kwanza ya kupiga mbizi. Mwanafunzi hufundishwa kushuka, kupanda, kusawazisha masikio, kutoa maji katika miwani na kwenda mbele kwa kupiga mapezi aliyovaa miguuni. Namna ya kurudi nyuma kwa mapezi hayo hayo hafundishwi, au huonyeshwa mara moja tu kama kichekesho mwishoni mwa somo. Ni sawa na kumkabidhi mtu gari lisilo na gia ya kurudi nyuma, kisha ukamwambia aliendeshe katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa.

Huenda ukauliza, hilo lamhusu nini daktari? Lamhusu sana. Baadhi ya majeraha na ajali za wapiga mbizi wanaoanza huzuka wakati mtu amekaribia kitu kuliko alivyokusudia, na hajui namna ya kujiondoa hapo bila kupapatika.

Maji hayana breki

Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na mwili ukishaanza kwenda ndani yake hausimami ghafla. Isitoshe, bahari yenyewe haitulii. Juu ya miamba ya matumbawe, wimbi linalopita huku juu husukuma maji ya chini mbele na nyuma, nawe huchukuliwa pamoja nayo. Umesimama mbele ya tundu ukimtazama pweza, mara unajikuta uso umekaribia kabisa jabali. Wakati wa bamvua, mikondo inapokuwa na nguvu, mambo huzidi.

Mtu asiyejua kurudi nyuma hufanya moja kati ya mambo matatu. Hupiga maji kwa mikono, au hushika chochote kilicho mbele yake, au hujisimamisha wima na kupiga miguu kwa nguvu.

Tuanze na mikono. Kiganja cha mtu ni kidogo na hakiwezi kuvuta mwili pamoja na mtungi. Kwa hivyo mtu hupiga haraka haraka, moyo humwenda mbio, na pumzi huwa fupi fupi. Kumbuka kwamba katika kina cha mita 20 hewa unayovuta imesongamana mara tatu kuliko ile ya juu ya maji, hivyo kuivuta na kuitoa ni kazi. Pumzi fupi haziondoi hewa chafu ya kaboni ipasavyo. Hewa hiyo ikizidi mwilini huleta kuumwa kichwa, na kubwa zaidi, huleta hofu isiyo na sababu. Mtu huhisi kwamba kipumulio hakimpi hewa ya kutosha, ilhali kinafanya kazi vizuri. Hofu humfanya apumue haraka zaidi, na mtungi ambao ungemtosha kwa dakika 45 humwishia mapema.

Kujisimamisha wima ndiko kubaya zaidi, ingawa huonekana hakuna neno. Ukisimama wima majini na kupiga mapezi, unasukuma maji chini, nawe unapanda. Ukipanda, hewa iliyo ndani ya fulana ya kuelea hutanuka na kukuvuta juu kwa kasi zaidi. Hewa iliyo mapafuni hutanuka vilevile. Pumzi uliyovuta katika kina cha mita 10 huwa mara mbili ya ukubwa wake ukifika juu. Mtu aliyeshtuka aghalabu huzuia pumzi, na hapo ndipo hatari ilipo: mapafu yaliyojaa yanaweza kupasuka hata kwa kupanda mita moja na nusu tu. Hewa ikiingia katika mishipa ya damu huweza kwenda hadi kwenye ubongo, na mgonjwa akazimia au akapooza upande mmoja kama aliyepatwa na kiharusi, muda mfupi tu baada ya kutoka majini. Mtu wa namna hiyo apewe oksijeni mara moja na apelekwe hospitalini akiwa amelala. Matibabu yenyewe hufanywa katika chumba maalumu cha mgandamizo wa hewa, na vyumba hivyo ni vichache katika sehemu yetu ya Afrika. Kabla ya kulipia safari ya kupiga mbizi, uliza chumba kilicho karibu kiko wapi na chombo chenyewe kina oksijeni au la. Usione haya kuuliza.

Mwiba wa kiganjani

Kuhusu kushika kilicho mbele yako, nitakueleza habari ya mgonjwa mmoja. Mama huyu wa makamo, mfanyakazi wa ofisi hapa jijini, alikuja kliniki yangu siku nne baada ya kutoka likizoni Pwani. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na madoa meusi zaidi ya kumi na goti lake lilikuwa na mchubuko uliovimba na kutoa usaha. Alikuwa katika kina cha mita 12 hivi akitazama samaki wadogo katika ufa wa jabali. Wimbi likamsukuma mbele. Akanyoosha mkono ajizuie, akaubandika juu ya yule mnyama wa baharini mviringo mwenye miiba mirefu myeusi kama sindano. Maumivu yakamfanya apige goti kwenye matumbawe.

"Daktari, niliona kabisa kwamba naenda kugonga," aliniambia. "Ila sikuwa na njia ya kurudi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Bahati yake ni kwamba hakupanda juu kwa hofu.

Miiba ya mnyama huyo ni myepesi kuvunjika, kwa hivyo usiichokonoe kwa pini wala kuiponda kwa jiwe kama wanavyofanya wengine ufuoni. Iliyochomoza itolewe taratibu kwa kibanio. Iliyobaki ndani mara nyingi huyeyuka yenyewe au hujitokeza baada ya siku kadhaa, isipokuwa iwe imeingia kwenye kiungo cha kidole. Hapo lazima umwone daktari. Maumivu hutulizwa na maji ya moto, yapata nyuzi 45 za Selsiasi, ukitia kiungo kilichochomwa humo kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Jaribu maji hayo kwanza kwa mkono mzima, kwa maana ule ulioumia haupimi joto vizuri nawe unaweza kujiunguza. Dawa hiyo hiyo ya maji ya moto hufaa kwa aliyechomwa na taa, au na wale samaki wenye sumu katika miiba ya mapezi yao.

Mchubuko wa matumbawe nao usiudharau. Huacha vipande vidogo sana ndani ya ngozi pamoja na vijidudu vya baharini, na ndiyo sababu hukawia kupona. Uoshe kwa maji safi mengi na sabuni, usugue hata kama unawasha, na uhakikishe chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Wenye ugonjwa wa kisukari au wa ini wasingoje siku nne kama huyu mama.

Jinsi ya kurudi

Sasa tuje kwenye fundisho lenyewe. Kwanza lala kifudifudi majini, mwili umenyooka sambamba na sakafu ya bahari au ya kidimbwi, ukitazama mbele. Ikiwa miguu yako inazama, kazi haijaanza bado. Mkanda wako wa risasi huenda ni mzito kupita kiasi au umekaa mahali pasipofaa, na umejaza hewa nyingi katika fulana ili kuusaidia. Mwambie mwalimu wako arekebishe hilo kwanza. Mtu anayening'inia kama farasi wa baharini hawezi kurudi nyuma, afanye afanyavyo.

Ukishalala sawa, nyosha miguu nyuma, mapezi yakiwa pamoja. Sasa vuta vidole vya miguu kuelekea muundi, kama mtu anayetaka kusimama kwa visigino vyake, kisha geuza nyayo zielekee nje kama anavyotembea bata. Hapo mapezi yatakuwa yamefunguka pande zote mbili kama milango. Bila kulegeza vifundo vya miguu, yavute nje na kuelekea mbele, visigino vikija karibu na makalio. Upande wa juu wa pezi, ule unaofuatana na mgongo wa mguu, ndio unaokamata maji na kuyasukuma kuelekea kichwani kwako. Maji yakienda upande wa kichwa, wewe huenda upande wa miguu.

Magoti yakishakunjwa, nyosha vidole tena, leta mapezi pamoja, kisha urudishe miguu nyuma polepole, kama kisu kinachorudi alani. Halafu tulia, usifanye lolote. Mwili utateleza kidogo kurudi nyuma, labda urefu wa mkono. Huo ndio mwendo wenyewe. Usitazamie kwenda kama pweza.

Wanaojua kupiga miguu kwa mtindo wa chura watauona huu kama mtindo ule uliogeuzwa, na ni kweli. Asiyeujua ule wa chura ajifunze huo kwanza.

Kosa linaloonekana zaidi ni kuacha magoti yashuke chini ya tumbo. Mpiga mbizi anapofanya hivyo huwa kama aliyeketi kitini, na mapezi yake husukuma maji chini, kwa hivyo hupanda badala ya kurudi. Dawa yake ni kukaza makalio na kupinda mgongo kidogo kwenda ndani, mapaja yabaki yamenyooka na mwili. Kosa jingine ni pupa. Mtu hurudisha miguu nyuma kwa nguvu ile ile aliyoivutia, basi hatua aliyoipata kurudi huipoteza papo hapo kwa kwenda mbele. Nguvu ziwe katika kuvuta tu. Na wakati wote pumzi iendelee kuingia na kutoka kama kawaida, isizuiwe hata kidogo.

Vifundo vya watu wa mjini

Hapa ndipo wasomaji wangu wa mjini hukwama, na sababu yake iko mwilini zaidi kuliko majini. Mtindo huu hutegemea msuli ulio mbele ya muundi, ule unaoinua vidole vya mguu. Katika maisha ya ofisini msuli huo hupata kazi kidogo tu. Shavu la mguu nalo huwa limefupika, hasa kwa akina mama wanaovaa viatu vya visigino virefu siku nzima, na kifundo hakikunjiki vya kutosha. Jipime hivi: chutama huku visigino vyote viwili vikiwa vimegusa sakafu. Waliokulia mashambani, waliozoea kuchutama jikoni na chooni tangu utotoni, huweza bila taabu. Mtoto wa lifti na kochi huanguka kinyumenyume.

Usikate tamaa, maana kifundo hulainika. Kila jioni tembea kwa visigino kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi, mara tano. Ukiwa umeketi mbele ya televisheni, inua vidole vya miguu huku visigino vikiwa chini, mara 20 kila mguu. Nyosha mashavu ya miguu kwa kusukuma ukuta, kila upande kwa nusu dakika. Baada ya wiki tatu hivi, lala kifudifudi kitandani, miguu ikipita ukingo wa kitanda, ufanye ule mwendo wa kurudi nyuma polepole, mwenzako akikutazama kama magoti yanatoka pamoja na kama nyayo zinageuka sawa. Watoto watakucheka. Waache.

Msuli ukikaza ukiwa majini, acha kupiga miguu na umpe ishara mwenzako. Kama ni shavu la mguu, shika ncha ya pezi uivute kwako huku ukinyoosha goti. Kama ni ule wa nyuma ya paja, ambao mtindo huu huuchosha sana, nyosha goti tu na ungoje. Kama ni wa mbele ya muundi, fanya kinyume: nyosha vidole. Msuli hukaza zaidi unapochoka kwa kazi usiyoizoea, ndiyo maana nasisitiza mazoezi ya nchi kavu.

Mapezi yenyewe yana maneno. Mtindo huu hupenda pezi fupi, pana na gumu kiasi. Mapezi marefu ya wanaozama kwa pumzi moja ni taabu kuyageuza, na yale yaliyopasuliwa katikati hayakamati maji vizuri upande wa juu. Muuza duka atakuambia mengine. Chukua yale yanayokutosha bila kuuma kisigino, na uyajaribu kidimbwini kabla ya kuyanunua ikiwezekana.

Jambo hili halishangazi, kwani mapezi yalitengenezwa kwa ajili ya kwenda mbele. Mfaransa Louis de Corlieu alipata hataza ya mapezi ya mpira mwaka 1933, na miaka 10 baadaye, mwaka 1943, Jacques Cousteau na Émile Gagnan wakatengeneza kipumulio kilichomwezesha mtu kukaa chini ya maji kwa uhuru. Wapiga mbizi wa mapangoni, kama wale wa Florida nchini Marekani, ndio walioutilia maanani sana ufundi wa kurudi nyuma, kwa sababu katika pango mtu akitibua tope haoni njia ya kutokea. Kwetu pia zipo sehemu za namna hiyo. Meli ya Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 kaskazini mwa Mombasa, imelala penye kina cha mita 30 hivi. Ukiikaribia mno bila kujua kurudi utakwaruzwa na vyuma vyake vilivyoota kutu, na katika kina hicho hewa ya kuchezea hakuna.

Faida nyingine ni wakati wa kupanda. Kabla ya kutoka majini, wapiga mbizi husimama katika kina cha mita tano kwa dakika tatu ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini ipate kutoka. Wanaposimama hapo kundi zima karibu na kamba moja, wasiojua kurudi hugongana, hupigana mapezi usoni na kung'oana miwani. Anayejua hurudi hatua moja, akakaa mahali pake, akamtazama mwenzake usoni.

Nani amwone daktari kwanza

Mwendo wenyewe ni mpole, lakini si kila mtu afaa kuvaa mtungi. Mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo, pumu, selimundu, kiwambo cha sikio kilichotoboka, au aliyewahi kutokwa na hewa nje ya mapafu, asiingie majini kabla ya kupimwa na daktari anayeujua mchezo huu. Baadhi yao watakatazwa kabisa. Mjamzito angoje hadi ajifungue. Mwenye shingo inayouma ajue kwamba kulala kifudifudi huku akitazama mbele humlazimisha kuinua kichwa muda wote, na huenda shingo ikamsumbua usiku.

Magoti yaangaliwe pia. Kugeuza nyayo nje chini ya uzito wa maji huvuta kano iliyo upande wa ndani wa goti, kama inavyowapata waogeleaji wa mtindo wa chura. Aliyewahi kuumia goti katika kandanda aanze bila mapezi, kisha avae mapezi laini, na asizidishe dakika 10 katika kikao kimoja.

Tafuta mwalimu mwenye cheti, mwende kidimbwini. Simama, au tuseme lala, mbele ya ukuta, uso ukiwa umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, na ujaribu kurudi hadi mita mbili bila kutumia mikono. Ikunje mikono kifuani ili isikusaidie kwa siri. Wengi hupata hatua ya kwanza katika kikao cha pili au cha tatu, na wengine huchukua zaidi. Ukishaweza mara 10 mfululizo bila kupanda wala kuzama, nenda baharini siku ya maji mafu, wakati mikondo ni dhaifu, mahali penye mchanga mtupu, mbali na matumbawe. Goti likiuma upande wa ndani baada ya mazoezi, lipumzishe siku mbili au tatu na kulikanda kwa barafu. Likivimba au likikataa kukunjika, usiingie majini tena hadi lipimwe.